Mitumbwi ya modeli moja, uzito mbalimbali

SWALI: Hapa Minneapolis nimeona mitumbwi miwili ya mtumba, yote Wenonah Minnesota II. Mmoja niliunyanyua peke yangu, mwingine ulinishinda. Je, muuzaji ananificha jambo?

JIBU: Si lazima. Jina la modeli hutaja umbo tu; malighafi ni habari nyingine. Minnesota II nyepesi ya Kevlar ina kilo karibu 20, ilhali ya faibaglasi huizidi kwa kilo kadhaa. Chungulia ndani: Kevlar isiyopakwa rangi ni ya manjano ya dhahabu. Kingo nazo huchangia, kwani za mbao kwa kawaida ni nzito kuliko za alumini. Isitoshe, matabaka hupangwa kwa mkono, hivyo resini ikizidi kidogo, uzito nao huongezeka.

Yote haya hutoka kiwandani. La kuchunguza zaidi ni yaliyoongezeka baadaye: viraka, rangi ya pili, na hasa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na sehemu zilizofungwa kwenye omo na tezi zikipata ufa, huyahifadhi. Simamisha mtumbwi wima, usikilize mchuruziko, kisha bonyeza sakafu: ikibonyea kama godoro, tabaka za ndani zimeachana.

Nenda na mizani ya bafuni. Jipime, kisha jipime ukiwa umeubeba mtumbwi mkavu mabegani, mwenzako akikusaidia kuupandisha. Tofauti ndiyo uzito wake. Ukizidi sana ule wa kiwandani bila sababu ya kuonekana, omba upunguziwe bei au achana nao.