Kiungo Kisiwe Kigumu Kuliko Tofali

Nyumba nyingi za zamani za Gitega na Muyinga, nchini Burundi, zinaliwa na saruji ile ile iliyopakwa ili kuziokoa. Nasema hivi nikiwa fundi niliyeshika mwiko katika miji yote miwili. Ukuta ninaoitwa kuutazama mara nyingi huwa na sura moja: mistari ya saruji kati ya matofali imesimama imara bila ufa, lakini matofali yenyewe yamemeguka na kurudi ndani, ukuta umebaki kama sega lililokamuliwa asali. Mama mmoja wa Muyinga aliniuliza swali ambalo ndilo kiini cha kazi hii: "Mwanangu, saruji si ndiyo ngumu? Mbona basi ukuta unakufa?"

Unakufa kwa sababu ya ugumu huo huo. Ukuta wa matofali ya kuchoma haukosi maji: mvua huupiga kwa mbele na unyevu huupanda kutoka chini. Maji yakishaingia lazima yatoke, nayo hupita palipo rahisi. Kiungo, yaani mstari kati ya matofali, kikiwa laini kuliko tofali, maji hutokea kwenye kiungo, na chumvi inayosafiri nayo hubaki hapo. Kiungo kitachakaa polepole, na baada ya miaka utakibadilisha. Kikiwa kigumu na kimeziba, maji hulazimika kupita ndani ya tofali, chumvi hukauka nyuma ya uso wake, na uso huo hubanduka ganda baada ya ganda. Kiungo hubadilishwa kwa mwiko. Tofali lililoliwa halirudi.

Matofali yetu yana udhaifu wa ziada. Udongo huchimbwa mabondeni, hufyatuliwa, kisha hupangwa tanuri la kienyeji na kuchomwa kwa kuni. Ya katikati huiva sana, ya pembeni hutoka nusu mabichi, na yote huishia kwenye ukuta mmoja. Mota, yaani mchanganyiko wa kuungia matofali, lazima ilifae lililo dhaifu kuliko yote.

Ujue ukuta wako ulijengwa kwa kitu gani

Gitega ina majengo ya vizazi kadhaa. Wajerumani walihamishia makao yao hapo mwaka 1912, Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, Makumbusho ya Taifa yakafunguliwa mwaka 1955, na tangu 2019 mji umekuwa makao makuu ya kisiasa. Kila kizazi kilijenga kwa vifaa kilivyovipata. Katika nyumba za watu nimekuta aina tatu: matofali yaliyolazwa kwa udongo mtupu na kuzibwa saruji usoni tu, mota ya chokaa na mchanga, na saruji iliyochanganywa kidogo sana, yenye mchanga mwingi.

Kupima ni rahisi. Chokoa kipande kutoka ndani ya kiungo, si usoni. Kitumbukize kwenye bilauri ya maji: kikilainika na kuwa tope, huo ni udongo. Kisipolainika, kikaushe, kisage, kisha kidondoshee siki au maji ya ndimu. Kikitoa povu, kuna chokaa au saruji ndani yake. Hapo tumia ukucha na msumari: chokaa ni nyeupe au ya rangi ya maziwa na husagika vidoleni, saruji ni ya kijivu na hukwaruza msumari.

Malizana na maji kabla ya kushika mwiko

Kuziba viungo wakati bati linavuja juu yake ni kupoteza fedha. Zunguka nyumba siku ya mvua, si siku ya jua. Tazama bati lililo fupi mno, mfereji uliotoboka, na mahali ambapo matone yanadunda chini na kurukia ukuta.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalitilii maanani, nalo ni ufagio. Tunafagia ua kila asubuhi, na kila mara ufagio huondoka na udongo kidogo. Baada ya miaka, mawe ya msingi yaliyokuwa yamefukiwa hujikuta nje, na mvua huanza kuosha viungo vyake. Rudisha udongo, ushindilie, uupe mteremko unaotoa maji mbali na nyumba, kisha mwaga kokoto upana wa kama mita moja kuzunguka ukuta. Usisakafie saruji hadi ukutani: unyevu wa chini ukikosa pa kutokea uani, hupanda ndani ya ukuta.

Chokaa ipi, mchanga upi

Chokaa ya kujengea hutokana na mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la karibu nyuzi 900, kisha yakazimwa kwa maji. Ikishapakwa hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ndiyo maana hukaza taratibu, kwa wiki na miezi. Usiichanganye na ishwagara, chokaa ya shambani. Ile wanayotumia wakulima kupunguza uchachu wa udongo aghalabu ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, na haitashika hata ukiikoroga siku nzima. Muuzaji akisema "chokaa", muulize ni ya kazi gani. Ukiwa Muyinga uliza pia wanaoleta mizigo kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero.

Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa iloweke usiku kucha ili iwe laini kama siagi. Ukipata ya mabonge ambayo haijazimwa, kumbuka kwamba huchemka ikikutana na maji: tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.

Mchanga wa mtoni ni mzuri ukiwa na chembe za ukubwa mbalimbali na hauna matope. Usugue viganjani: ukiacha rangi ya udongo, uoshe. Uchekeche ili kokoto zisizidi theluthi moja ya upana wa kiungo.

Vipimo nivitumiavyo ni hivi, kwa ndoo na si kwa uzito:

- Matofali laini juu ya msingi: chokaa 1, mchanga 3.
- Upande unaopigwa na mvua: chokaa 1, unga wa matofali nusu, mchanga 2 na nusu. Unga huo utwange kutokana na matofali yasiyoiva sana, uuchekeche uwe laini. Huisaidia chokaa kukaza hata palipo na unyevu.
- Chokaa ikiwa haba, au panapohitaji nguvu zaidi: saruji 1, chokaa 2, mchanga 9.
- Mawe magumu ya msingi: saruji 1, chokaa 1, mchanga 6.
- Ukuta wa udongo mtupu: udongo ule ule uliochekechwa na kuongezwa mchanga, na usoni mota ya chokaa.

Kutegemea chokaa si jambo la Burundi peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na huko pia mafundi wa majengo ya kale hurudi kwenye chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya kuta. Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824. Kabla ya hapo kuta zilisimama karne nyingi bila hiyo.

Kukwangua

Kutoa mota ya zamani, tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo. Mashine ya kukatia hukata kingo za matofali, na ukingo ukishakatwa kiungo kitaonekana kipana milele. Chimba kina cha mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue sentimita 2 na nusu, na mwisho wa mfereji uwe mraba, si mviringo. Saruji ya zamani iliyoshikana na tofali kiasi cha kulivunja, iache. Isubiri ilegee yenyewe.

Ukuta wa udongo una hatari yake. Mota ndiyo inayobeba matofali, kwa hiyo ukikwangua eneo kubwa kwa pamoja ukuta unaweza kushuka. Fanya kipande kisichozidi mita moja, kijaze, kikaze, ndipo uruke kwenda kingine.

Piga brashi, toa vumbi lote, kisha nyunyiza maji. Anza juu ushuke chini. Tofali kavu hunyonya maji ya mota na kuiacha ikiwa vumbi. Tofali linalochuruzika huifanya iteleze. Unataka ukuta wenye unyevu usiong'aa.

Kujaza

Mota iwe ngumu kidogo, ikae kwenye mwiko uliogeuzwa bila kudondoka. Isukume hadi nyuma kwa chuma chembamba kinachoingia kwenye kiungo, kwa tabaka zisizozidi sentimita moja na robo. Tabaka la kwanza likikataa alama ya kidole gumba, weka la pili. Kwa kiungo cha upana wa sentimita moja na nusu na kina cha tatu, ndoo ya lita 20 itakutosha kama mita mbili na nusu za mraba.

Malizia kiungo kikiwa sawa na uso wa matofali au kimerudi ndani kidogo. Mistari iliyotuna na kupakwa rangi nyeusi au nyeupe hupendeza macho, ila mgongo wake wa juu hushika maji na kuyaelekeza ndani. Mota ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu ili chembe za mchanga zionekane na kiungo kipumue.

Msimu mzuri ni mwanzo wa kiangazi, mwezi Juni, mvua zimekatika na maji bado yapo. Fuata kivuli: asubuhi fanya upande wa magharibi, alasiri wa mashariki. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa na unyunyizie mara mbili tatu kwa siku, kwa wiki nzima. Chokaa ikikauka haraka hupasuka kabla ya kukaza.

Mawe ya msingi

Hapa viungo ni vipana na havilingani. Usivijaze mota tupu, kwa maana itasinyaa na kupasuka. Sukuma mota kidogo, pigilia vipande vya mawe hadi vibane, kisha jaza kuvizunguka. Jiwe linapaswa kubanwa na jiwe. Mota ni ya kuziba nafasi zinazobaki.

Usiguse haya

Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha na unaoendelea kupanuka, ukuta uliovimba katikati, au kona iliyoachana na mwenzake: hizo ni dalili za msingi au paa, na viungo vipya vitazificha tu. Chora alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, na ukiona umezidi alama mwite mhandisi.

Mengine yote unaweza kuyaanza mwenyewe. Chagua ukuta wa nyuma, mahali pasipoonekana na wageni, ufanye eneo la mita moja kwa vipimo viwili tofauti, ukiacha kila kimoja na alama yake. Subiri mvua zipite juu yake. Kipimo kilichoshika huku matofali ya jirani yakibaki mazima ndicho cha nyumba yako. Andika uwiano wake mahali ambapo fundi atakayekuja baada yako ataukuta.