SOMO LA AFYA: Maji ya Kijani Yakitakata Ghafla



Sisi wa Mapinga bahari tunaijua. Miezi ya kaskazi, siku nyingine tunaona juu ya maji michirizi ya kahawia, kama mtu kamwaga vumbi la mbao. Baada ya siku chache haipo. Hata kwenye malambo ya kunyweshea mifugo huwa hivyo: leo maji ni ya kijani kibichi, wiki ijayo yametakata. Je, rangi ile imekwenda wapi?

Wakati mwingine ni upepo au mvua. Leo tujifunze sababu nyingine: ugonjwa.

Mwani wa kijani-buluu

Rangi ile ni mwani wa kijani-buluu. Tunauita mwani, lakini hasa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa nguvu za jua, kama yafanyavyo majani ya mti. Mmoja mmoja hatuwaoni. Wakiwa mamilioni ndipo tunaona rangi.

Mwani huu nao huugua, na adui yake ni virusi. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Marekani, Safferman na Morris, walitangaza kwamba wamepata virusi vya namna hiyo. Virusi hivi havimuambukizi binadamu. Kazi yake ni mwani tu.

Virusi huzaana hivi

1. Kirusi hushikamana na mwani. Kila kirusi kina mwani wake, kama ufunguo na kufuli yake.
2. Huingiza ndani maagizo yake. Ganda hubaki nje.
3. Mwani hulazimika kuacha kazi zake na kutengeneza virusi vipya. Vingine ni vijanja: huusaidia mwani uendelee kupokea nguvu za jua, ili kazi yao isisimame.
4. Baada ya saa kadhaa mwani hupasuka. Virusi vipya hutoka kutafuta mwani mwingine.

Viko pia virusi vinavyolala ndani ya mwani bila kuudhuru. Mwani ukizaana, navyo vinarithiwa. Mwani ukipata shida, vinaamka.

Yaliyotokea Nakuru

Tusidharau udogo wao. Katika Ziwa Nakuru, Kenya, ndege waitwao heroe hula mwani wa aina hii. Mwaka 2014 wataalamu walitoa matokeo ya utafiti wao huko. Walikuta virusi wengi majini kuliko ilivyowahi kupimwa katika maji yoyote ya asili. Mwani uliugua ukapungua, chakula kikakosekana, na heroe wakapungua sana ziwani. Kidudu kisichoonekana kiliwahamisha ndege wengi kiasi kile!

Sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu sana. Mwani mwingine wa kijani-buluu una sumu ndani yake. Ukiwa mzima, sumu nyingi imo ndani ya mwani. Ukipasuka, sumu inamwagika majini. Basi lambo likitakata ghafla, usiseme, "Sasa maji ni safi." Huenda sumu ndiyo kwanza imetoka.

Kwa hiyo tukumbuke:

- Tusinywe wala tusipikie maji yenye utando wa kijani, wala yaliyotoka kutakata.
- Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu hii.
- Tusimwage mrututu kuua mwani katika maji ya kunywa. Nao huupasua mwani.
- Mifugo na watoto tuwaweke mbali. Tumwite bwana afya ayaangalie maji.
- Mbolea na samadi zisitiririkie lamboni. Hizo ndizo chakula cha mwani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kirusi hufanya nini baada ya kushikamana na mwani?
2. Kwa nini heroe walipungua Nakuru?
3. Jirani anasema, "Lambo limetakata, tukachote." Utamjibu nini?

Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzio asiyejua kusoma. Maji tunachota pamoja.