Kila Mnyoo Una Safari Yake

Mtoto akisumbuliwa na minyoo, watu husema imezaana tumboni. Kauli hiyo ina kosa dogo, na kosa hilo ndilo linalotufanya tuione dawa ya minyoo kuwa shauri la kila mzazi na mwanawe.

Vimelea vya malaria huongezeka ndani ya mwili. Bakteria wa kipindupindu nao huongezeka. Minyoo duara, minyoo mjeledi na minyoo ya safura haiongezeki humo. Jike la mnyoo duara hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, lakini hakuna yai linalokua likawa mnyoo papo hapo utumboni. Sharti litoke na kinyesi, likae wiki kadhaa kwenye udongo wenye joto na unyevunyevu, kisha limezwe na mtu. Kwa hiyo mtoto mwenye minyoo duara 20 ameambukizwa mayai yasiyopungua 20 kutoka nje, kila moja kwa safari yake. Hesabu ya minyoo iliyomo tumboni mwake ni hesabu ya udongo anaochezea.

Safura haina hata subira ya kumezwa. Kiluwiluwi chake hungoja kwenye udongo wenye kivuli, pengine nyuma ya nyumba isiyo na choo, na mguu mtupu ukipita hupenya ngozi. Huingia kwenye damu, hufika mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa pamoja na mate, na mwishowe hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Hapo hukua kufikia sentimita moja hivi na kuanza kunyonya damu.

Hunyonya kiasi gani? Mnyoo mmoja wa Necator americanus, aina iliyoenea sana Afrika, humpotezea mtu takriban mililita 0.03 kwa siku. Ni kidogo mno. Sasa weka minyoo 100: mililita 3, yaani zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya madini ya chuma, basi kila siku inavuja miligramu 1.5 hivi kuingia utumboni. Sehemu yake hufyonzwa tena, lakini si yote. Mtoto wa miaka kumi anahitaji kufyonza takriban miligramu 1 kwa siku kutoka kwenye chakula, na chuma cha ugali na mboga za majani hakifyonzwi kwa wepesi. Ni kukumba maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Bila chuma hakuna himoglobini ya kutosha, na himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni. Mtoto huyo haumwi mahali popote pa kuonyesha kwa kidole. Huchoka tu. Hulaza kichwa kwenye dawati saa nne asubuhi, na kwenye ripoti ya mwisho wa muhula huandikiwa kwamba ni mvivu.

Kuna ugumu mwingine. Minyoo haigawanyiki sawasawa: katika darasa moja, watoto wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote, na kwa macho hatuwatambui. Kupima choo cha kila mmoja kwa hadubini hugharimu mara kadhaa ya bei ya kidonge. Kidonge chenyewe, albendazole ya miligramu 400, humezwa mara moja. Humzuia mnyoo kufyonza sukari, naye hufa njaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza, pale minyoo ilipokithiri, watoto wote wapewe bila kupimwa.

Mwaka 1998 hoja hii ilianza kujaribiwa Busia, magharibi mwa Kenya, katika shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule zilianza kupewa dawa kwa zamu, makundi matatu ya shule 25, ili zinazosubiri zilinganishwe na zilizokwisha kupewa. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo. Pia minyoo ilipungua kwa watoto wa shule hizo ambao hawakumeza kidonge. Anayeikumbuka safari ya yai hashangai.

Alama za mitihani hazikupanda. Nami sioni ajabu: kidonge humleta mtoto darasani, hakimletei kitabu wala hakipunguzi msongamano. Mwaka 2015 watafiti wengine waliorudia hesabu walikuta makosa, hasa kuhusu umbali ambao manufaa yalifika, na ubishi juu ya ukubwa wa faida unaendelea. Ninavyoona mimi, ubishi huo haukuondoa mantiki ya udongo.

Sehemu ninayoiona nzito zaidi haikuvuma hivyo. Mwaka 2001 baadhi ya shule hizo zilianza kutoza kila familia ada ndogo, wastani wa takriban senti 30 za dola kwa mtoto. Penye bure, watoto wapatao 75 kwa 100 walimeza dawa. Penye ada, walikuwa 19. Tena wazazi wa watoto wenye maambukizi makali hawakuwa wepesi zaidi kulipa. Mzazi anaombwa alipie ugonjwa asiouona, kwa kidonge ambacho faida yake kubwa itakwenda kwa watoto wa jirani, na mwanawe ataambukizwa tena iwapo jirani hatalipa. Kukataa kwake si ujinga. Ada ndiyo iliyowekwa mahali pasipo pake.

Mpango wa kitaifa wa Kenya wa kutoa dawa ya minyoo kupitia shule haumtozi mzazi. Walimu hugawa vidonge siku moja iliyotangazwa, na watoto wasioandikishwa shule nao huitwa waje, kwa sababu nao hupita kwenye udongo uleule, na mara nyingi ndio wasio na viatu.