Dondoo muhimu: Vikao visimeze kazi

Ukiwa mtumishi wa kijiji Haneti, wilayani Chamwino, juu yako kuna kata, tarafa, wilaya, mkoa, kisha wizara, na kila ngazi inaweza kukuita. Siku ya kikao bwana shamba haonekani shambani, na msimu wa mvua Dodoma ni mmoja tu kwa mwaka.

Tenga kwanza vikao vya kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi 3, na halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi. Hivyo havifutwi, mwananchi ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Vingine vyote viulizwe: vinaamua nini?

Taarifa inayotosha kwa simu isiitishiwe kikao. Weka daftari moja la takwimu, kila anayeuliza apewe kutoka humo.

Ajenda itangulie. Muhtasari utaje nani atafanya nini na lini, na kwenye "yatokanayo" anzeni na kazi zilizokwama. Wajumbe wengi huzipita haraka mno.

Wakuu wa idara, unganisheni ziara zenu. Desemba na Januari, watu wakipanda, msimwite bwana shamba mjini pasipo ulazima.