Nani alipie mnara?

Kila gharama za simu zinapopanda, maswali hunimiminikia: kwenye daladala, msibani, hata kinyozini. Mengi ni malalamiko yaliyovishwa alama ya kuuliza. Haya machache yana uzito, nami nimeyajibu kadiri ninavyoijua biashara hii ya laini, minara na vocha.

*Mtaalamu, nikiweka vocha ya 1,000, hela yangu inakwenda wapi hasa?*

Anayekula wa kwanza ni Serikali. Hapa Tanzania muda wa maongezi hutozwa ushuru wa bidhaa wa karibu asilimia 17, kisha juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Piga hesabu: kampuni ya simu inabaki na kama shilingi 720. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, humo humo inatoka ada ya muunganiko, yaani malipo ambayo mtandao wako unaulipa mtandao wa yule unayempigia kwa kuifikisha simu mpaka mkononi mwake. Inayobaki ndiyo ya minara, dizeli ya jenereta, walinzi, masafa, mishahara na faida.

Dakika yenyewe karibu haina gharama. Mnara wa kijijini unakunywa dizeli karibu ileile, zipite simu mia au isipite hata moja. Gharama ni kuwepo kwa mnara. Ukiuchambua ugomvi wowote wa bei za simu utakuta ni huo: nani abebe mzigo usiopungua? Anayepiga, anayepigiwa, mwenye laini hata kama hapigi, au mlipa kodi?

*Kwa nini zamani ilibidi niwe na laini tatu?*

Kwa sababu ya hiyo ada ya muunganiko. Kabla ya Machi 2013 ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Kwa hiyo kupiga mtandao mwingine hakukuweza kuwa rahisi, na kampuni zikaona heri zikufungie ndani: piga usiku kucha, mradi unampigia wa mtandao wetu. Mke yuko mtandao huu, bodaboda wako yuko mtandao ule, nawe unatembea na simu ya laini mbili na laini ya tatu imejificha nyuma ya kava. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliishusha ada hiyo hadi shilingi 34.92 mwaka 2013, ikawa 15.60 Januari 2018, na kufikia 2022 ikawa shilingi 2 tu. Vifurushi vya "mitandao yote" unavyojiunga navyo leo vimetoka hapo. Havikutoka kwenye huruma ya mtu.

Majirani zetu Kenya walipigana vita hiyo hadharani zaidi. Mwaka 2010 ada ilikatwa nusu kwa nusu, kutoka shilingi 4.42 za Kenya hadi 2.21. Agosti mwaka uleule kampuni ya Zain, ambayo baadaye ikawa Airtel, ikatangaza kupiga kwa shilingi 3 kwa dakika, na Safaricom ikalazimika kushuka nayo. Mwaka uliofuata punguzo lililopangwa lilisimamishwa, na Oktoba 2011 Safaricom ikapandisha hadi 4. Desemba 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru ada ishuke kutoka senti 99 hadi senti 12. Safaricom ikakata rufaa, wakapatana senti 58 kuanzia Agosti 2022, na Machi 2024 ikashuka hadi senti 41.

Kwa nini mkubwa kama Safaricom akatae ada kushuka? Kwa sababu watu wengi wako kwake. Ada ikiwa juu, mpinzani mdogo hata auze kwa bei ya kutupa, kila dakika inayoingia kwa mkubwa itamgharimu. Mteja mpya akitazama ndugu zake wako wapi, anakwenda hukohuko. Ada ya muunganiko inaonekana kama malipo ya kazi iliyofanyika, lakini ikizidi kimo inageuka kuwa ukuta.

*Kwani anayepigiwa hafaidiki? Kwa nini asichangie?*

Anafaidika, na Marekani kwa miaka mingi alichangia: dakika alizopokea kwenye simu ya mkononi zilikatwa kwenye kifurushi chake kama alizopiga. Matokeo yake watu walifikiri mara mbili kabla ya kumpa mtu namba au kuiacha simu wazi.

Sisi tulichukua njia ya anayepiga kulipa, na nadhani hakuna uamuzi mmoja uliowaingiza maskini wengi kwenye mtandao kuliko huo. Bibi kijijini anaweza kukaa wiki tatu bila salio na bado akapatikana. Halafu wananchi wakatengeneza kanuni zao juu yake: kubipu. Bipu ni makubaliano kamili ya nani alipe, yasiyo na waziri wala gazeti la Serikali. Mdogo humbipu mkubwa, mwanafunzi humbipu mzazi, na kijana anayetongoza hathubutu kubipu hata siku moja.

*Isingekuwa haki zaidi kila mwenye laini alipe kidogo kila mwezi?*

Kwenye karatasi nakubali, na wachumi wengi wangekubali: kisichotegemea dakika kisilipwe kwa dakika. Marekani walilijaribu hilo baada ya kampuni ya simu ya AT&T kuvunjwa Januari 1984. Awali simu za mbali zilikuwa zikisaidia kulipia nyaya za majumbani. Baadaye kila nyumba ikaanza kutozwa ada ya laini, dola 1 kwa mwezi mwaka 1985, ikapanda hadi dola 3.50 mwaka 1989. Ila palepale 1985 waliweka na nafuu kwa kaya maskini, mpango wa Lifeline.

Sisi tulipojaribu mwaka 2013 tulisahau kipande hicho cha mwisho. Laini moja, shilingi 1,000 kila mwezi, awe mfanyabiashara wa Kariakoo au mama anayeuza mchicha na kuweka vocha ya mia tano mara moja moja. Tena ilikuwa kodi ya Serikali, haikuwa malipo ya mtandao. Kelele zikapigwa, tozo ikaondolewa. Wengi walishangilia bila kuangalia upande wa pili: ushuru wa bidhaa ukapanda kutoka asilimia 14.5 hadi 17. Tozo ya laini iliporudi kwenye bajeti ya 2021, ilipendekezwa iwe shilingi 10 hadi 200 kwa siku kulingana na kiasi mtu anachoweka. Sikuipenda, ila angalau mpangaji alikuwa amekumbuka kwamba wateja hawalingani.

*Vijijini ambako mnara haulipi, nani ajenge?*

Huko soko halifiki lenyewe. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006. Kampuni huchangia sehemu ya mapato, na ruzuku hutoka kwa zabuni. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa njia hiyo. Kenya wana mfuko wao, mchango ni asilimia 0.5 ya mapato ghafi.

Usidanganyike kwamba kampuni ndiyo inayotoa. Inatoa kwa mkono wako. Mimi sina kinyongo na mchango huo: laini yangu ya mjini ina thamani kwa sababu kuna watu wengi wa kuwapigia. Kinyongo changu ni kwamba vocha haionyeshi makato hayo. Luku ukinunua umeme inakuchambulia kila makato, lakini vocha inasema tu "umefanikiwa".

*Na wewe mwenyewe, mtaalamu, una laini ngapi?*

Mbili. Ya pili ni kwa ajili ya mama, maana kijijini kwake mnara ni mmoja, wa mtandao mmoja. Naiwekea mia tano mara moja kwa mwezi isije ikafungwa. Yeye hanipigii. Hubipu.