Wakala na Mchezaji

Kwetu Namoto, kando ya mto Ruvuma, kijana akijua mpira hakosi mtu wa kumwambia, "Nitakupeleka Ulaya." Ndugu wanafunzi, kabla hamjamjibu mtu huyo, tazameni habari za Eusébio.

Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Lourenço Marques, ambao leo huitwa Maputo. Alikuwa akichezea Sporting ya mji ule, tawi la Sporting ya Lisbon. Lakini Benfica, mahasimu wao, walimwendea mama yake, kwani baba alikwisha kufa. Mama ndiye aliyeafikiana nao. Desemba 1960 kijana akapelekwa Ureno kwa siri, akifichwa kwa jina la mwanamke, Ruth! Vyama viwili vikamgombania, hata akakaa miezi mitano pasipo kucheza mechi.

Siku hizi sheria za FIFA humzuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia chama cha nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Tena mkataba wake hauwezi kupita miaka 3. Na tangu mwaka 2023 wakala hana budi kufaulu mtihani (naye pia!) ndipo apewe leseni.

Basi akija, mwulizeni leseni yake. Mkataba usomwe mbele ya mzazi, kwa lugha anayoifahamu, na nakala ibaki nyumbani. Akidai nauli kwanza, au akitaka kukuwekea paspoti yako, mwacheni avuke mto peke yake.