Mahali Petu Pamekuwa Padogo

SOMO LA WIKI

Andiko la msingi: 2 Wafalme 6:1–7
Soma pia: Luka 14:28–30, Matendo 28:30, Isaya 5:8



Jumapili iliyopita nilihubiri dakika arobaini juu ya shoka lililoelea majini. Wengi mliniambia mmebarikiwa, na namshukuru Mungu. Lakini pale mlangoni dada mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, hao wanafunzi walienda mtoni kutafuta nini?"

Nikamwambia walienda kukata miti ya kujenga.

"Na walitaka kujenga kwa nini?"

Nikasema, kwa sababu mahali walipokuwa wanaishi palikuwa pamewabana. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ungeanzia hapo."

Baadaye nilijua kwamba alikuwa na notisi ya kuhama kwa mkoba wake. Ameniruhusu niandike haya bila jina. Kwa hivyo wiki hii naanzia hapo.

1. Walisema wazi

Ukisoma mstari wa kwanza utaona kitu ambacho mimi nilikipita kwa miaka. Hawa ni wana wa manabii, watu wa maombi, wanakaa karibu na Elisha mwenyewe. Hata hivyo wanamwendea na kumwambia wazi kwamba nafasi haiwatoshi. Elisha hakuwauliza wana dhambi gani, wala hakuwaambia waongeze imani. Aliwapa ruhusa waende.

Sisi hapa tunaficha. Mtu anadaiwa kodi ya miezi miwili, anakuja ibada, anaimba, na akiulizwa habari anasema "tumebarikiwa." Halafu Jumapili moja kiti chake ni kitupu. Tunasikia alihama usiku na watoto, na hatujui alienda wapi.

Mimi nilificha vilevile. Kabla nihamie huku Wamagana tulikuwa tunakaa Nyeri mjini, mimi, mke wangu na watoto wawili, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Tulikuwa tunalipa 7,500. Desemba keateka akaleta karatasi: kuanzia Januari ni 10,000. Nina digrii ya biashara, nilikuwa nashika vitabu vya hesabu dukani kwa watu, na bado nilijiambia "Mungu atafanya njia" bila kukaa chini na kalamu. Kufikia Machi tulikuta kufuli mlangoni, vitu vyetu vyote ndani.

Jumapili hiyo nilikuwa wa kuhubiri hapa. Nilimwomba mzee mmoja wa kanisa koti, nikamdanganya kwamba langu liko kwa dobi. Nikasimama na hilo koti la kuazima nikawaombea watu wapate nyumba. Nimeshatubu kwa Mungu na kwa huyo mzee. Leo natubu kwenu.

2. Kubanwa kwetu kuna historia

Kuna wanaofikiri kukosa mahali pa kuishi ni uvivu au laana. Hebu tuangalie hapa kwetu Tetu. Kuanzia mwaka wa 1954 serikali ya mkoloni iliwaondoa watu wetu kwenye mashamba yao na kuwaweka kwa vijiji vya kulindwa, vyenye mitaro na ua wa miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu walihamishwa hivyo kwa muda mfupi. Ardhi ilipokuja kupimwa na kugawanywa upya, wengine walipata mashamba na wengine walitoka mikono mitupu, wakabaki palepale kijijini. Hadi leo kuna familia zinazoishi kwa vipande vya vijiji hivyo bila hati.

Na aliyepata naye amebanwa. Chukua guka aliyekuwa na ekari nne na wana watano. Kila mmoja anapata sehemu nane za kumi za ekari. Hao nao wakizaa watoto watatu watatu, mjukuu anabaki na robo ekari na kidogo. Hapo weka nyumba, choo, ng'ombe mmoja na migomba. Mtoto wa huyo mjukuu atajenga wapi?

Ndiyo maana watu wa Nyeri walianza kitambo kushuka Kieni na Laikipia. Baada ya uhuru wazazi wetu walijiunga kwa makampuni ya kununua mashamba, kila mtu na hisa yake. Wapo waliopata shamba, na wapo waliozeeka wakingoja hati.

Kwa hivyo mtu akikuambia amehamia nyumba ya bei ya chini, au amerudi kwa mama yake, usimwambie amerudi nyuma kiroho. Mtume Paulo kule Roma aliishi miaka miwili mizima kwa nyumba ya kukodi, na watu walikuja humo kusikia injili.

3. Kila mtu boriti moja

Rudi kwa mstari wa pili. Hao wanafunzi walikubaliana kila mmoja akate boriti moja. Hakuna aliyeambiwa ajenge peke yake, na hakuna aliyengoja Elisha awajengee. Tena walimwomba nabii aende nao, na akaenda. Kiongozi alishuka mpaka mtoni.

Nilipowaambia wazee ukweli, hakuna aliyekuwa na pesa nyingi. Lakini mama mmoja alijua shosho anayekaa peke yake, mwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili iliyokaa bure tangu kijana wake aende Nairobi. Mzee yule wa koti alienda nami kuongea na landilodi, tukakubaliana nilipe deni kwa miezi minne, naye akafungua kufuli siku hiyo. Ndugu mwenye pikapu alibeba vitu, nikaweka mafuta tu. Vijana wakapiga misumari kwa mabati yaliyokuwa yanavuja. Hakuna aliyenijengea nyumba, lakini kila mmoja alileta boriti yake, na Jumatano tulilala chini ya paa.

Nyumba nzuri ya bei nafuu huku kwetu mara nyingi haina tangazo. Iko kwa kichwa cha mtu aliyeketi nyuma yako kanisani. Usiposema unatafuta, naye hatasema anayo.

4. Keti chini uhesabu

Yesu kwa Luka 14 anamsifu mtu anayehesabu gharama kabla ya kujenga. Kuhesabu ni sehemu ya kumtii. Hii hapa hesabu yangu.

Nyumba ya mjini ilikuwa 10,000. Nyumba ya shosho ni 3,500. Nilifurahi nikasema nimeokoa 6,500 kila mwezi. Si kweli. Nilikuwa bado nafanya kazi mjini, nauli shilingi 200 kwa siku, siku 24, hiyo ni 4,800. Ukijumlisha na kodi ni 8,300. Nilichookoa ni 1,700 tu. Na mke wangu pia angekuwa anasafiri kila siku, tungefika 13,100, zaidi ya ile nyumba iliyotushinda! Kilichotuokoa ni kwamba yeye alihamisha kazi yake ya kusuka nywele ikawa hapa Wamagana, na tukapata mahali pa kupanda sukuma wiki.

Kwa hivyo kabla hujahama, andika vitu vitano: kodi, nauli ya kila mtu, maji na stima, shule ya watoto, na pesa ya kuhama yenyewe, yaani depositi, kodi ya mwezi wa kwanza na gari. Jumlisha vyote. Linganisha jumla na jumla, usilinganishe kodi na kodi.

Na ujue haki yako. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inataja makao bora kuwa haki ya kila mtu. Kama nyumba yako ya kuishi kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inakulinda: landilodi hawezi kukutoa hivi hivi bila amri ya baraza la kodi. Vyumba vingi huku kwetu viko chini ya hapo. Kama umeajiriwa, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Si vibaya kujiandikisha kwa Boma Yangu. Lakini usiache kutafuta nyumba ya mwezi huu ukingoja hiyo.

5. Shoka lilikuwa la kuazima

Yule mwanafunzi shoka lilipotumbukia alilia kwa sababu halikuwa lake. Mimi shoka langu lilikuwa mkopo wa simu. Nilichukua 8,000 nilipe kodi, nikarudisha 9,200. Mwezi uliofuata nikachukua mwingine kufunika shimo, na wa tatu pia. Kwa miezi mitatu faida peke yake ilikula 3,600, ambayo inashinda kodi ya mwezi mzima ya nyumba ninayoishi leo.

Angalia Elisha alifanya nini. Aliuliza lilianguka wapi, naye akaonyeshwa mahali penyewe. Ukienda kwa mzee wako kuomba msaada, usiseme "mambo ni magumu, niombee." Sema: nadaiwa kiasi hiki, na fulani, tangu mwezi fulani. Onyesha mahali. Na shoka lilipoelea, yeye mwenyewe alinyoosha mkono akalichukua. Muujiza ulikuja, na kazi ya mkono wake ilibaki palepale.

Neno kwa wanaotaka kununua kaploti. Usinunue kwa sababu ni rahisi na muuzaji ni mpendwa mwenzako. Fanya upekuzi wa hati kwa ofisi ya ardhi. Kama hati bado iko kwa jina la guka aliyefariki na urithi haujafanywa kortini, huyo anayekuuzia hana cha kuuza bado. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila idhini, mauzo ni bure mbele ya sheria, na utabaki ukidai pesa yako irudishwe. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi.

Na ninyi wazazi wetu wenye hati za marehemu kwa sanduku, tafadhali anzeni ile kesi ya urithi mkiwa hai. Barua ya chifu haichukui mwaka. Wahesabuni na mabinti, kwa sababu sheria inawahesabu. Vijana wengi wanahama hapa na pesa zao kwa sababu hawawezi kuweka hata msingi kwa ardhi isiyo na mwenyewe.

6. Kwa walio na nyumba za kukodisha

Wapo kati yetu, na Mungu awabariki. Najua mabati yamepanda, najua mpangaji mwingine anahama na deni lako. Kodi ni haki yako. Lakini Isaya 5:8 ni ole kwa wanaounganisha nyumba na nyumba mpaka mwingine akose pa kukaa. Kabla ya kupandisha, ongea na mpangaji mapema, miezi miwili au mitatu mbele. Kabla ya kufuli, mpigie mzee wa kanisa lake. Shosho wetu angeweza kutuitisha 5,000. Aliniuliza, "Utaweza ngapi bila kukosa?" Nikamwambia 3,500. Kwa miaka miwili sasa hajakosa hata mwezi mmoja.

ZOEZI LA WIKI

Kila kikundi cha nyumbani kitenge dakika kumi. Kila mtu ajibu maswali mawili: Je, mahali pako pamekubana? Je, unajua chumba, nyumba au kipande kilichokaa bure? Kiongozi aandike na aniletee Jumamosi. Siri ya mtu ibaki siri.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini tunaona aibu kusema kodi imetushinda, na hatuoni aibu kusema tunaumwa?
2. Katika nyumba ya jirani yako, boriti yako ni ipi: neno, muda, pikapu, misumari, au pesa?
3. Kuna deni ambalo hujamwonyesha mtu yeyote mahali lilipoanguka?

Kuhusu yule dada wa mlangoni: notisi yake inaisha tarehe thelathini. Anahitaji vyumba viwili, kwa mguu kutoka shule ya watoto, na anaweza 3,000 bila kukosa. Alhamisi saa kumi naenda naye kuangalia mahali pawili. Mwenye kujua pa tatu anipate kabla ya hapo.

OMBI

Baba, mahali petu pamekuwa padogo, na leo tunakuambia wazi. Tuonyeshe mto wa kwenda, na uende nasi. Utuondolee uongo wa koti la kuazima. Mpe kila mmoja wetu boriti ya kubeba, na mkono wa kunyoosha. Katika jina la Yesu, amina.